Kumbe Hana Mtu, Hana Pumzi!

Desemba nilipokwenda Kahama kula sikukuu kwa kaka yangu, wifi hakusubiri hata nimalize michembe aliyoniandalia. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Wifi, kaka yako ana mtu."

Ushahidi alikuwa nao. Eti kaka halali tena kitandani, anajikunja kwenye kochi sebuleni. Wakitembea pamoja, kila baada ya muda anasimama kusoma meseji. Na mambo ya chumbani? "Mwezi wa nne huu, wifi. Nikimgusa anageukia ukutani."

Jamani, nilikasirika! Jioni nikamwomba kaka anisindikize dukani, nia yangu nimpashe. Kweli, hatukufika mbali akasimama, akatoa simu, akaiinamia. Nikachungulia. Simu ilikuwa imezimwa. Mabega yake yalipanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka mbio.

"Mdogo wangu, usimwambie wifi yako," alisema alipopata pumzi.

Vumbi la dhahabu

Kaka ana miaka 41. Kabla ya kufungua duka la vipuri, alikaa zaidi ya miaka 10 Nyarugusu, Geita. Kwanza alikuwa ndani ya duara akichoronga mwamba, baadaye kwenye karasha akisaga mawe. Kinga yake ilikuwa fulana aliyojifunga puani.

Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana silika. Yakisagwa, vumbi lake laini hupenya kitambaa, hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauambukizi, ila hauna dawa ya kuuponya, na makovu yanaweza kuongezeka hata baada ya mtu kuacha mgodi.

Kinachochanganya ni kwamba dalili zake hufanana na za kifua kikuu, na mwenye silikosisi hupata TB kwa urahisi zaidi. Kaka alimeza dawa za TB mara mbili bila mtu kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Jibu alilipata Bugando, Mwanza, baada ya eksirei na swali hilo moja. Karatasi akaificha miezi minne.

Kwa nini? "Mwanaume gani anashindwa kubeba ndoo ya maji? Bora anione mhuni kuliko mgonjwa."

Pumzi ni kama chaji

Usiku ule alimwambia mkewe. Wifi alilia, kisha akamletea mito mitatu ili alale ameinuka, kitandani kwao. Haya ndiyo wanayoyafanya tangu hapo:

Panga siku. Nguvu ni kama chaji ya simu, usiimalize asubuhi. Kazi mbili nzito zisifuatane. Kuoga, kunyoa na kupiga pasi, fanya umekaa.

Puliza chai. Vuta hewa kwa pua, itoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kama unapoza chai, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Ukiinuka au kunyanyua kitu, toa pumzi wakati huohuo.

Usijifungie ndani. Matembezi mafupi kila siku husaidia misuli itumie hewa kidogo. Muulize daktari uanzie wapi. Sigara, vumbi na moshi wa jikoni, kaa navyo mbali.

Sema unachohisi. Hofu hufupisha pumzi, na pumzi fupi huongeza hofu. Hasira na aibu ni za kawaida, lakini huzuni ikipita wiki mbili, mwambie daktari.

Mapenzi hayajafa. Chagueni muda ambao mgonjwa amepumzika, si baada ya mlo mzito. Epukeni mkao unaokandamiza kifua. Kupumzika katikati si kushindwa.

Usizoee hatari. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, midomo kuwa ya bluu au kukohoa damu ni mambo ya kukimbilia hospitali. Kikohozi cha wiki mbili, pima TB, na mtaje kazi uliyofanya hata asipokuuliza.

Kama uliajiriwa mgodini, ulizia pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Unahusu hata magonjwa yanayotokana na kazi. Kaka hakuwahi kuwa na mkataba, malipo yake yalikuwa mgawo wa viroba vya mawe.

Pasaka nilirudi Kahama. Njiani kwenda sokoni kaka akasimama. Hakutoa simu. Alimshika mkewe bega, wifi naye akasimama, akaanza kuulizia bei ya nyanya ambazo hatukuzihitaji. Aliuliza taratibu, mpaka pumzi ya mumewe iliporudi.

Na wewe msomaji, mwenzio amebadilika siku hizi? Kabla hujapekua simu yake, muulize anajisikiaje.