Programu za Kutambua Maandishi ya Akili Unde: Tuziamini kwa Kiasi Gani?

Muuguzi mmoja wa Mpanda, aliyekuwa akijiendeleza kimasomo, aliniletea ripoti yake ya utafiti. Ilihusu mahudhurio ya kliniki ya wajawazito katika vijiji vya Nsimbo, na madodoso yote aliyajaza kwa mkono wake. Chuo chake kilikuwa kimeipitisha ripoti hiyo katika programu inayodai kutambua maandishi yaliyotungwa na akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Programu ikajibu kwamba sehemu kubwa imeandikwa na mashine. Akatakiwa aandike upya au afike mbele ya kamati ya nidhamu. "Daktari," aliniuliza, "nitathibitishaje kwamba nimeandika mimi?"

Swali hilo lina jibu la kitabibu. Programu hiyo ni kipimo, na sisi wahudumu wa afya tumefundishwa namna ya kukihoji kipimo.

Programu hizi hupima nini?

Mkoani Katavi, ambako malaria ni ugonjwa tuliouzoea, kipimo cha haraka cha malaria kinafahamika hadi katika zahanati za vijijini. Kipimo hicho hakioni vimelea vyenyewe. Huonyesha protini itokanayo na vimelea, na aina moja ya protini hiyo yaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kutibiwa anaweza kupata majibu chanya, ilhali homa yake ya leo ina chanzo kingine.

Programu za utambuzi nazo huangalia alama tu, kwani hazikumwona mwandishi akiandika. Baadhi yake hupima mambo mawili: ni rahisi kiasi gani kubashiri neno linalofuata, na sentensi zinafanana kiasi gani kwa urefu na muundo. Akili unde hupenda maneno yanayotabirika na sentensi zilizolingana, hivyo maandishi ya namna hiyo hutiliwa shaka.

Lakini alama hizo binadamu pia anazo. Tazama sentensi hii: "Mgonjwa mwenye umri wa miaka 34 alifika kituoni akiwa na homa na maumivu ya kichwa kwa siku tatu." Tumefundishwa kuandika hivyo, ili mwenzetu wa zamu inayofuata aelewe bila kukisia. Anayeandika kwa lugha ya kigeni naye hushikamana na maneno machache anayoyamudu. Muuguzi wetu aliandika kwa Kiingereza, ambacho kwake ni lugha ya tatu baada ya Kibende na Kiswahili.

Ushahidi unasemaje?

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walijaribu programu saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, takriban asilimia 61, zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa shule nchini Marekani zilipita karibu zote bila shaka.

Kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, ilitoa programu yake ya utambuzi Januari 2023. Kwa takwimu zake yenyewe, ilikamata maandishi 26 tu kati ya kila 100 ya akili unde, na ikawasingizia watu katika maandishi 9 kati ya kila 100 waliyoandika wenyewe. Julai mwaka huohuo iliondolewa kwa sababu ya usahihi mdogo.

Tufanye hesabu ya mfano. Chuo kina ripoti 100, na 10 kati yake zimeandikwa na akili unde. Programu inakamata 8 kati ya hizo 10. Inakosea pia katika ripoti 1 kati ya kila 10 za kweli. Katika ripoti 90, hizo ni 9. Watakaoitwa mbele ya kamati ni 17, na 9 kati yao hawana hatia. Kipimo kilichoonekana kizuri kimewatia hatiani wasio na kosa wengi kuliko wenye kosa.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Aliyetumia akili unde kisha akabadilisha maneno hapa na pale huweza kupita salama. Maandishi mafupi hayatoi alama za kutosha. Kwa Kiswahili tahadhari iongezeke, kwani programu nyingi zimeundwa na kujaribiwa zaidi kwa Kiingereza.

Tufanye nini?

Kwa walimu na wasimamizi: jibu la programu liwe sababu ya kuuliza, lisiwe hukumu. Mwite mwanafunzi, mwombe aeleze alivyokusanya takwimu, na muone rasimu zake.

Kwa wanafunzi: tunzeni madaftari, madodoso na kila rasimu yenye tarehe. Mkisaidiwa na akili unde, semeni wazi imesaidia wapi.

Kwa wahudumu: msiweke maelezo ya mgonjwa katika programu za mtandaoni ili kuyapima. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siri ya mgonjwa haituruhusu.

Kwa wagonjwa na jamaa zao: ushauri wa dawa unapofika kwa WhatsApp, kujua kama umeandikwa na mtu au mashine hakutoshi. Mtu huandika uongo, na mashine huweza kuandika kweli. Programu ya utambuzi haikagui dozi. Kabla ya kumpa mtoto dawa, muulizeni mhudumu wa kituo kilicho karibu nanyi.

Muuguzi yule nilimshauri aombe kusikilizwa. Alikwenda na madodoso yake, madaftari mawili na rasimu nne, akaulizwa maswali kwa muda wa saa nzima kuhusu vijiji alivyovizuru na akina mama aliozungumza nao. Aliyajibu yote. Ripoti ilipokelewa bila kubadilishwa neno.