Bomba Halizuii Polipu

"Daktari, nijipige bomba la dawa gani ili polipu zisirudi?" Ameniuliza mchimbaji wa Kolwezi, ameniuliza mwalimu wa Sandoa, na juzi ameniuliza mkubwa wa kampuni aliyepimwa Johannesburg, akarudi na ripoti yenye picha za rangi ambayo hajaisoma. Dawa zenyewe tunazijua: tangawizi, pilipili, magome yaliyochemshwa, vyote ndani ya ule mpira wa kukamua kwa mkono, unaoingizwa njia ya haja kubwa.

Najibu kwa maandishi nisije nikaulizwa tena: hakuna.

Anayejipiga bomba anadhani polipu ni uchafu ulioganda. Polipu ni nyama ya ukuta wenyewe wa utumbo mpana. Seli moja, chini kabisa ya vishimo vya ukuta huo, imeharibika jeni zake ikaanza kuzaana ovyo. Utaosha nini hapo? Tena mpira ule haubebi hata nusu lita, na utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Maji huishia sehemu ya chini. Polipu za upande wa kulia hazitalowa hata tone. Pilipili nayo huunguza utando, ncha ya mpira yaweza kuutoboa, na damu ikitoka husingiziwa bawasiri. Hapo ndipo watu wanapokufa, wakitibu bawasiri wasiyo nayo.

"Mbona hospitali walinisafisha kabla ya kipimo cha kamera?" Walikusafisha ili kamera ione. Kufuta kioo cha gari hakutengenezi injini.

Waliosoma zaidi huacha bomba wakaniletea hoja ya bukari na sombe. Chanzo ni Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, kisha akaandika mwaka 1971 kwamba nyuzinyuzi za vyakula vyetu ndizo zinazotukinga na saratani ya utumbo. Wazo zuri, na huenda kwa maisha mazima lina ukweli wake. Lakini mwaka 2000 Wamarekani walichapisha matokeo ya watu waliokwisha kutolewa polipu: nusu walielekezwa kula kwa wingi mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa miaka 4, nusu waliachwa na chakula chao. Kila upande, karibu watu 40 kwa 100 walikutwa na polipu tena. Sombe kuleni, ni tamu.

Hiyo 40 isikunyime usingizi. Polipu kuonekana tena si saratani. Nyingine hazikurudi, hazikuwahi kuondoka: kamera hupitwa na kama robo ya polipu, hasa ndogo, au shina halikukatwa lote. Na polipu ikigeuka saratani, kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulifuatilia watu karibu 16,000 kwa takriban miaka 13. Waliokuwa na adenoma ndogo, yaani zile polipu zinazoweza kugeuka, hawakupishana sana na wasio na kitu. Waliokuwa na kubwa au zenye seli zilizoharibika sana, hatari yao ilikaribia mara 3.

Basi fungua ripoti. Adenoma 1 au 2, chini ya milimita 10: rudi baada ya miaka 7 hadi 10. Zikiwa 3 au 4: miaka 3 hadi 5. Zikiwa 5 hadi 10, au hata moja ya milimita 10 na zaidi, au maabara imeandika seli mbaya: miaka 3. Zaidi ya 10: mwaka 1. Kubwa ya sentimita 2 na zaidi iliyotolewa vipandevipande: miezi 6. Utumbo ulikuwa mchafu: rudia ndani ya mwaka. Polipu za kichocho ni habari nyingine, zina dawa yake, prazikwanteli. Una ndugu wa damu mwenye saratani hii, sema mapema, ratiba inabadilika. Sigara acha, lutuku punguza, kitambi pia. Unayetoka Sandoa au Kasaji, panga safari ya kiangazi, njia ya mvua unaijua. Ukiona damu, au umeishiwa damu bila sababu, usingoje tarehe yoyote.

Na kama ripoti haisemi polipu ilikuwa na ukubwa gani, wala kama kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, mpigie simu aliyekupima. Hilo ndilo swali la kumwuliza daktari.