Kwa Wachongaji wa Mwenge

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya shaba ya Askari, na jina la aliyeiumba, Mwingereza James Alexander Stevenson, limehifadhiwa vitabuni. Walakini atakaye kuiona sanamu ikizaliwa mbele ya macho yake, na afunge safari mpaka Mwenge, wilayani Kinondoni, ashike Barabara ya Sam Nujoma kuelekea upande wa Chuo Kikuu, na kabla hajaviona vibanda vya wachongaji atasikia tezo zikilia juu ya magogo.

Mchongaji huketi chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zake, akalipiga kwa tezo fupi, pigo baada ya pigo, mpaka ganda jeupe limwagike pembeni na kiini cheusi kidhihiri. Mti huu hautaki pupa. Hukua taratibu mno, aghalabu kwa miaka sabini au zaidi ndipo ufae kuvunwa. Ni mzito hata ukitiwa majini huzama, na ugumu wake ndio uliowafanya mafundi wa Ulaya wautamani kwa kutengenezea klarineti. Baada ya tezo huja patasi, kisha tupa, kisha msasa, na mwisho kitambaa chenye dawa ya kung'arishia, hata shavu la kinyago likateleza chini ya kidole.

Ustadi huu ulivuka mto Ruvuma pamoja na Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda, Msumbiji, ambao wengi wao walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Katika miaka ya 1950 Roberto Yakobo Sangwani alijulikana kwa nguzo za watu waliobebana, mmoja juu ya mabega ya mwenziwe, wote wametoka katika gogo moja, mtindo ambao baadaye uliitwa ujamaa. Naye Samaki Likankoa ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wa vinyago vya shetani, vyenye viungo vilivyopindika na macho yaliyohama mahali pake. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alianza kwa kuchonga kabla michoro yake haijampa sifa ughaibuni.

Hao majina yao yamebaki. Lakini katika rafu za Mwenge vimepangwa vinyago vingi visivyo na jina la mtu, na mnunuzi huuliza bei, hushindana, hulipa, akaondoka na kazi ya siku nyingi pasipo kujua imetoka mikononi mwa nani. Jambo hili linanihuzunisha kupita kiasi, hasa kwa kuwa sisi wenyeji tumewaachia watalii mahali hapa, ilhali nauli ya daladala inatosha kutufikisha.

Basi msomaji atakayekwenda Jumamosi akipime kinyago kwa mkono kwanza, kwani mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi hauwezi kuwa na uzito wa mpingo. Akiisha kuridhika, amwombe fundi achonge jina lake mwenyewe chini ya kitako, kwa patasi ile ile, naye asubiri mpaka herufi ya mwisho.