Nyumba ya Kupanga Yenye Mahali pa Kufulia

Nyumba ya bei nafuu yenye mahali pa kufulia ndani haipatikani kirahisi Dar es Salaam, lakini ipo. Watu wa Mchukwi, Bungu na Kibiti huingia jijini kwa Barabara ya Kilwa, na wengi huanza maisha huko huko kusini mwa jiji: Kongowe, Chamazi, Mbagala. Kodi za huko ziko chini kuliko za Mikocheni au Masaki, na basi la kurudi nyumbani liko karibu.

Vyumba ni vya aina chache. Rahisi kuliko vyote ni chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati na uani nyuma. Choo, bafu, bomba na kamba za kuanikia ni vya wapangaji wote, na nguo hufuliwa kwa zamu kwenye beseni. Juu yake kuna chumba na sebule, kisha chumba masta chenye choo na bafu ndani, halafu nyumba inayojitegemea. Dalali akisema "kila kitu ndani", ana maana ya choo, bafu na jiko. Mashine ya kufulia huletwa na mpangaji mwenyewe, kwa hiyo cha kuchunguza ni kama nyumba inaweza kuibeba.

Jambo la kwanza ni maji, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mashine inayojiendesha yenyewe hutaka maji yenye msukumo. Tangi likiwa limeinuliwa kidogo tu juu ya bomba, mashine husubiri maji mpaka inasimama. Kipimo chake ni ndoo ya lita 20: bomba la bafuni lifunguliwe lote, ndoo ikingwe, na muda uangaliwe. Ikizidi dakika nne kujaa, afadhali mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, ambayo hujazwa kwa ndoo na bei yake ni nafuu. Maji yenyewe yaonjwe pia. Visima vingi vya jijini vina chumvi. Sabuni haitoi povu na nguo hukakamaa. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao wa maji, na nyumba isiyo na tangi ilijua tofauti yake. Tena maji ya kufulia yanatoka kwa wingi: kama shimo la maji machafu limejaa, yatarudi bafuni.

Umeme unafuata. Mita ya LUKU ya pamoja ni chanzo cha ugomvi usiokwisha, maana mwenye mashine hushukiwa kwa kila uniti inayoisha. Mita ya peke yake ina thamani ya kuongeza kodi kidogo. Mashine inayopasha maji moto hula umeme mwingi; ifanye kazi kwa maji baridi. Kuna jingine linalosahaulika: kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayeilipa ana haki ya kuomba ipunguzwe kwenye pango, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Mkataba una uzito kwa sababu sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa 2005. Kodi sasa ni makubaliano. Wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mtu aliyezoea kuuza korosho au samaki wa delta ya Rufiji kwa msimu anaweza kulimudu hilo. Anayetegemea kibarua cha siku anabanwa sana, na ndiye anayepaswa kupigania miezi mitatu.

Kwa anayeishi peke yake, chumba kimoja chenye uani na dobi wa jirani hugharimu kidogo kuliko kuhamia nyumba inayojitegemea kwa ajili ya mashine tu. Familia yenye watoto wachanga ndiyo yenye sababu ya kulipa zaidi, mradi maji yawepo kila siku.