Mbio za Kilimanjaro: Wikiendi ya Moshi isiishie Jumapili jioni

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, mji wa Moshi hupokea maelfu ya wageni wanaokuja kukimbia chini ya Mlima Kilimanjaro. Wengi wao huichukulia safari hiyo kuwa mapumziko ya mwisho wa juma: mtu akimbie, autazame mlima, anywe mtori, kisha Jumatatu asubuhi awe ofisini.

Mpango huo unapendeza ukisimuliwa, lakini una kasoro moja kubwa: siku mbili hazitoshi. Anayefika Jumamosi usiku na kuondoka Jumapili jioni hulipa gharama zote za mapumziko pasipo kupumzika, na huenda akaiweka afya yake hatarini.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kwanza kuijua njia yenyewe.

Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, huanzia na kumalizikia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Zipo mbio za kilomita 42, za kilomita 21, na za kilomita tano kwa wanaotaka kujifurahisha.

Wakimbiaji wa kilomita 42 hupita kwanza barabara kuu iendayo Himo na kurejea mjini, sehemu isiyo na milima mikali. Baada ya hapo hugeukia juu, kuelekea Mweka, kupitia mashamba ya migomba na kahawa. Kutoka takriban mita 830 juu ya usawa wa bahari, njia hupanda hadi karibu mita 1,150, kisha huteremka mpaka uwanjani.

Kimo hicho si cha kumkosesha mtu pumzi. Kinachowaangusha wengi ni mpando huo kuwajia wakiwa wamekwisha kukimbia nusu ya safari, huku jua la Machi likizidi kuwaka. Wale wa kilomita 21 huukabili mapema, asubuhi ikiwa bado na ubaridi.

Aidha, mteremko nao una gharama zake. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili huku ikivutwa, na hupata michubuko midogo midogo. Maumivu yake hayaji papo hapo, bali huongezeka siku ya pili na ya tatu.

Hivyo basi, safari ya Moshi ipangwe kwa siku nne.

Ijumaa iwe siku ya kusafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550, na basi hutumia sehemu kubwa ya siku kupitia Chalinze, Korogwe na Same. Atakayepanda ndege atashuka uwanja wa KIA, ulio takriban kilomita 40 kutoka mjini. Wanaotoka Nairobi hupitia Namanga au Taveta, nao wakumbuke kuwa foleni ya mpakani haimjali mwenye mbio.

Usingizi wa Ijumaa ndio wa kuulinda zaidi. Usiku wa kuamkia mbio, wengi hawalali vizuri kwa wasiwasi na kwa kulazimika kuamka alfajiri. Aliyelala vya kutosha usiku uliotangulia hataathirika sana. Aliyeupitisha usiku huo ndani ya basi hana akiba yoyote.

Jumamosi iwe ya kuchukua namba ya kukimbilia, kula chakula ambacho tumbo limekizoea na kupumzisha miguu. Hapa ndipo wengi hukosea. Huenda kutembelea maporomoko ya maji wakiwa na nguvu zote, kisha Jumapili wakaanza mbio wakiwa wamechoka.

Jumapili, kimbia. Kunywa maji kulingana na kiu, kwani upungufu wa maji ni hatari, na maji ya kupindukia nayo hupunguza kiwango cha chumvi katika damu, jambo linaloweza kuua. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa asimame na kutafuta msaada wa tiba mara moja. Medali hairejeshi uhai.

Baada ya mbio ndipo raha ianze. Mtori, supu ile nzito ya ndizi na nyama, huurudishia mwili wanga, chumvi na maji kwa pamoja. Mbege isubiri mpaka maji yamekunywewa ya kutosha.

Jumatatu ndiyo siku ya kuiona Kilimanjaro kwa utulivu. Amka mapema, kwa kuwa kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, huonekana zaidi asubuhi kabla ya mawingu kukifunika. Kwa miguu iliyochoka, chemchemi za Chemka wilayani Hai zinafaa kuliko ngazi na miteremko ya maporomoko ya Materuni au Marangu. Maji yake ni ya uvuguvugu, na hakuna mlima wa kupanda.

Jambo la mwisho ni familia. Mara nyingi mmoja hukimbia, na wengine wanne hukaa juani wakilinda mabegi. Watoto wanaoweza kutembea waandikishwe katika kilomita tano, na wote wakubaliane mapema mahali pa kukutana, kwa kuwa katika umati ule kupotezana ni rahisi.

Vyumba hujaa wiki nyingi kabla, na bei hupanda. Kwa hiyo anayetaka kwenda aanze kwa kuomba ruhusa kazini ya Ijumaa na Jumatatu, kisha atafute chumba, ndipo ajiandikishe kukimbia. Akikosa ruhusa hiyo, ni heri akimbie kilomita tano na wanawe, arudi nyumbani akiwa mzima, na kuziacha 42 kwa mwaka mwingine. Mlima hauhami.