Dakika Themanini za Kiswahili: Mbinu Shirikishi katika Vipindi Viwili Mfululizo

Utangulizi

Katika shule za sekondari nchini Kenya, kipindi cha kawaida huchukua dakika 40. Ratiba za shule nyingi huunganisha vipindi viwili vya somo moja, mwalimu akawa na dakika 80 mfululizo. Lengo la mpango huu ni kumpa mwanafunzi nafasi ya kutenda. Hata hivyo, aghalabu muda huo hugeuzwa mhadhara mrefu: mwalimu husema, wanafunzi hunakili, na kufikia nusu ya pili baadhi yao huwa wanasinzia. Makala haya yanafafanua jinsi mbinu shirikishi zinavyoweza kuufaa muda huo katika somo la Kiswahili.

Nani Anazungumza?

Tuchukue darasa la wanafunzi 50. Mwalimu akizungumza kwa dakika 60, husalia dakika 20. Zikigawanywa sawasawa, kila mwanafunzi hupata sekunde 24 tu za kusema. Kinyume chake, wanafunzi wakizungumza wawiliwawili kwa dakika 15, kila mmoja hupata zaidi ya dakika saba. Tofauti hii si ndogo. Kwa mwanafunzi ambaye nyumbani hutumia lugha ya mama na uwanjani hutumia Sheng, darasa la Kiswahili huenda likawa ndipo mahali pekee anapotarajiwa kutoa sentensi sanifu kinywani mwake. Akinyimwa fursa hiyo humo, hana pengine pa kuipata.

Mfano wa Kipindi: Insha ya Methali

Methali 'Mgaagaa na upwa hali wali mkavu' inaweza kufunzwa kwa hatua zifuatazo.

Dakika 10 za kwanza: Mwalimu aandike methali ubaoni bila kuieleza. Wanafunzi watafute maana ya maneno. Wengi wa bara hawajui kwamba upwa ni sehemu ya pwani inayoachwa wazi maji yakipwa, ambapo mtafutaji huweza kuokota kitoweo. Pasipo picha hiyo, maana ya ndani hukaririwa tu.

Dakika 15: Kila jozi isimuliane kisa kinachooana na methali. Msikilizaji ajiulize: mgaagaaji yuko wapi, na kitoweo chake ni kipi?

Dakika 5: Mwalimu aeleze kwa muhtasari kosa la kawaida, yaani kushughulikia upande mmoja wa methali. Kisa cha mtu aliyetaabika bila kufaidi hakijatosheleza, wala cha aliyefaidi bila kutaabika.

Dakika 25: Kila mmoja aandike mpango wa insha na aya mbili za mwanzo. Mwalimu apite baina ya madawati akisoma na kuelekeza.

Dakika 15: Wanafunzi wabadilishane madaftari. Kila msomaji aangalie mambo mawili tu: je, pande zote mbili za methali zimo katika mpango? Je, sentensi zina upatanisho wa kisarufi?

Dakika 10 za mwisho: Aya mbili au tatu zisomwe kwa sauti, kisha mwalimu asahihishe makosa yaliyojitokeza kwa wengi.

Ni bayana kwamba mazungumzo yametangulia maandishi. Mwanafunzi aliyekwisha kusimulia hakabiliwi na ukurasa mtupu.

Vikwazo na Utatuzi

Wapo wanaodai kuwa mbinu hizi huchelewesha silabasi. Dai hili lina uzito, kwa kuwa mtihani haungoji. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE mtahiniwa huandika insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika 45. Ujuzi huo haupatikani kwa kunakili maelezo. Silabasi iliyomalizwa na mwalimu peke yake haijamalizwa na mwanafunzi.

Wengine hulalamikia msongamano na kelele. Wanafunzi wa dawati la mbele wanaweza kugeuka tu na kuwatazama wa nyuma yao. Hakuna haja ya kuhamisha samani. Kelele nazo hupungua kazi inapokuwa na muda maalumu na swali moja wazi. Fauka ya hayo, kukaguana hakuchukui nafasi ya mwalimu: humpunguzia tu mzigo wa kusahihisha kila kosa katika madaftari 50.

Hitimisho

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Stadi hizi hazifunzwi kwa kuhubiriwa. Mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha hana budi, anapoandaa somo la dakika 80, kuandika kando ya kila hatua kile atakachokifanya mwanafunzi. Hatua isiyokuwa na kazi ya mwanafunzi na ifupishwe. Lugha hukua kinywani na mkononi mwa anayeitumia.