Sayansi Huria na Utunzaji wa Data za Utafiti: Mafunzo Yanayomhusu Pia Mwanafunzi wa Theolojia

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa theolojia hutoka vyuoni kwenda sharikani kukusanya habari kwa ajili ya tasnifu zao. Huzungumza na wajane, wazee wa kanisa, wainjilisti na vijana. Hunasa sauti zao, huandika majibu yao madaftarini, kisha hurudi chuoni kuandika. Tasnifu ikipitishwa, nakala yake huwekwa maktabani. Lakini sauti zile na madaftari yale huenda wapi? Nani ana haki ya kuyasikiliza na kuyasoma? Na yule mjane aliyesimulia habari za msiba wake aliambiwa nini juu ya hatima ya maneno yake?

Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo yanayofundishwa siku hizi katika vyuo vikuu kwa jina la sayansi huria na usimamizi wa data za utafiti, na kuonyesha kuwa yanamhusu mtafiti wa theolojia sawa na mtafiti wa maabara. Hoja yetu ni moja: uamuzi juu ya kitakachowekwa wazi na kitakachofichwa haufanywi mwishoni mwa utafiti, bali kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

1. Maana ya maneno haya

Data za utafiti ni kila kitu ambacho mtafiti hukusanya ili kujengea hoja yake: vipimo, picha, majibu ya hojaji, kanda za mahojiano, nakala za kumbukumbu za usharika. Sayansi huria ni utaratibu wa kufanya matokeo ya utafiti, na pale inapofaa hata data zake, yapatikane kwa watu wote bila kizuizi cha fedha au cha cheo.

Wazo hili lilianza na makala za kitaaluma. Mwaka 2002 lilitolewa tamko la Budapest lililotaka makala hizo zisomwe bure kwa njia ya intaneti. Novemba 2021 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria. Yafaa tuangalie kwamba pendekezo hilo halisemi habari za fizikia na tiba peke yake. Linataja pia sayansi za jamii na taaluma za utu, ambamo theolojia inaingia. Aidha, linakiri kwamba kuna mambo ambayo yaweza kuzuiwa kwa haki, yakiwamo faragha ya watu na maarifa matakatifu au ya siri ya jamii za wenyeji.

Mwaka 2016 kundi la wanataaluma lilichapisha kanuni nne ambazo sasa ndizo msingi wa mafunzo mengi: data zipatikane, zifikike, zioane na data nyingine, na zitumike tena. Wengi hudhani kanuni hizi zaagiza kila kitu kiwe wazi. La hasha. Data zaweza kufungwa kabisa na bado zikatimiza kanuni hizo, mradi ijulikane kwamba zipo, ziko wapi, na ni kwa masharti gani mtu aweza kuziomba.

2. Kwa nini vyuo vikuu vimeanza kuyafundisha

Sababu ya kwanza ni upotevu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kutafuta data za makala 516 za biolojia zilizokuwa na umri wa miaka 2 hadi 22. Waligundua kwamba uwezekano wa data hizo kuwapo ulipungua kwa asilimia 17 kila mwaka baada ya makala kuchapishwa. Mara nyingi hakukuwa na mwizi wala moto: anwani za waandishi zilikuwa zimebadilika, na vyombo vilivyohifadhi data vilikuwa vimepitwa na wakati. Wenye kanda za kaseti makabatini bila kinanda cha kuzichezea wanaelewa jambo hili vizuri.

Sababu ya pili ni uaminifu wa matokeo yenyewe. Mwaka 2015 zilichapishwa habari za kurudiwa kwa tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofanya hivyo. Ikawa dhahiri kwamba msomaji anahitaji njia ya kupima hoja, si kuambiwa hitimisho tu.

Sababu ya tatu ni masharti ya wafadhili. Tangu mwaka 2017 data huria zikawa kanuni ya kawaida katika mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uliokuwapo wakati huo, na kila mradi ulioshiriki ulidaiwa mpango wa kutunza data. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani nazo zikaanza kudai mpango wa namna hiyo tarehe 25 Januari 2023. Ndiyo maana vyuo vikuu vimelazimika kufundisha. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilipitisha sera yake mwaka 2011 na kutoa kozi ya bure kwa njia ya intaneti. Mwaka 2016 ilianza mjini Trieste, Italia, shule fupi ya sayansi ya data kwa watafiti vijana, na mwaka 2018 shule hiyo ilifanyika Kigali.

3. Mambo yanayofundishwa

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayechunguza jinsi wajane wa sharika tatu wanavyotunzwa baada ya mazishi.

Kwanza hufundishwa kuandika mpango. Katika kurasa mbili au tatu hueleza atakusanya nini, atakitunza wapi, nani atakifikia, na nini kitafanyika baada ya shahada.

Pili, hufundishwa kuomba ridhaa kwa hatua. Kumwuliza mjane, "Je, wakubali kuhojiwa?" hakutoshi. Kuna maswali matatu mbalimbali: je, maneno yako yatumike katika tasnifu? Je, sauti yako ihifadhiwe? Je, watafiti wengine waruhusiwe kuitumia? Anaweza kukubali la kwanza na kukataa mengine. Asiyeulizwa la tatu leo hatahesabiwa kuwa amekubali kesho, na huenda kesho hatapatikana wa kumwuliza.

Tatu, hufundishwa utaratibu wa mafaili. Jina la faili lianze na tarehe na namba ya mahojiano, si "sauti mpya" wala "ya mwisho kabisa". Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kompyuta na flashi zilizomo katika mkoba mmoja huibwa pamoja. Orodha inayounganisha majina ya watu na namba za mahojiano ifungwe kwa nenosiri na itunzwe mbali na mahojiano yenyewe.

Nne, huandika maelezo ya data: nani alihoji, lini, kwa lugha gani, nani alitafsiri, na maneno ya kienyeji yana maana gani. Kanda isiyo na maelezo haimfai mtu asiyekuwapo siku ile.

Tano, huweka katika hifadhi inayoaminika kile kilichoruhusiwa. Zipo hifadhi za vyuo, na zipo za wote, kama Zenodo iliyofunguliwa mwaka 2013 katika kituo cha CERN karibu na Geneva. Hifadhi hiyo huipa kila data kitambulisho cha kudumu na kumwezesha mwenyewe kutaja masharti ya matumizi.

4. Mipaka ya uwazi

Kuanzia mwaka 1990 Wahavasupai wa Arizona, Marekani, walitoa damu yao kwa watafiti wa chuo kikuu, wakielewa kwamba ilikuwa kwa ajili ya kisukari kilichowasumbua. Baadaye walitambua kuwa damu hiyo ilitumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili na asili ya kabila lao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 wakapatana na chuo: wakalipwa dola 700,000 na kurudishiwa damu iliyobaki. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe, wakiwataka watafiti wawe na heshima, ukweli, haki na kujali, na wafuate utaratibu uliokubaliwa na jamii.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo karibu kila mahojiano ya mwanafunzi wa theolojia yanagusa sheria hiyo.

Tena, kufuta jina peke yake si kuficha. Tukiandika "mwinjilisti wa kike wa mtaa fulani", na mtaa huo una mmoja tu, tumemtaja. Katika usharika mdogo, hata idadi ya watoto au mwaka wa msiba hutosha kumtambulisha mtu.

Mchungaji mtafiti ana tahadhari zaidi. Aliyoyasikia katika maungamo au ushauri wa kichungaji si data, hata yangelingana vipi na mada yake. Na msharika anayehojiwa na mchungaji wake huona vigumu kukataa. Yafaa basi aombewe ridhaa na mtu mwingine.

5. Uwazi kwa nani?

Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alikusanya maarifa mengi ya wazee wa Kichagga. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria zao kilitoka München mwaka 1926, kwa Kijerumani. Kwa kazi hiyo mengi yaliokolewa. Walakini wengi wa wajukuu wa wasimuliaji hawakisomi. Leo picha za misioni hiyo zaweza kuonekana katika intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Ni faida kubwa. Hata hivyo, kitu kilichofunguliwa kwa ulimwengu chaweza kubaki kimefungwa kwa wenyewe, kwa sababu ya lugha au gharama ya intaneti. Mtafiti anayedai uwazi na aanze kwa kurudisha muhtasari wa Kiswahili kwa usharika uliompokea.

Hitimisho

Vyuo vyetu havina haja ya kungoja mitambo ya gharama. Vyaweza kuanza na mambo matatu: kudai mpango wa data pamoja na pendekezo la tasnifu, kuweka fomu ya ridhaa yenye maswali yale matatu, na kumpa mkutubi wajibu wa kupokea kanda na maelezo yake pamoja na tasnifu. Maneno ya watu tumekabidhiwa kama mawakili. Wakili hupoteza amana kwa kuiacha ioze kabatini, na huipoteza vilevile kwa kuitangaza bila idhini. Mjane wa mfano wetu anastahili kulindwa na hasara zote mbili, na ulinzi huo hupangwa kabla mtafiti hajabisha hodi mlangoni pake.